Ndiyo Iliyotoka Kwenye Mashini Yangu

Wakati ule vita vilikuwa vimekwisha kwenye redio tu. Mlimani bado vilikuwa na siku zao. Mimi nilikuwa sekretari wa shirika moja la afya pale Baraka, lililogawa dawa kwenye vituo vya Fizi yote, na katika biro ile, ofisi yetu, nilikabidhiwa vitu viwili ambavyo mwingine hakuruhusiwa kuvigusa bila idhini ya mkuu: muhuri na mashini. Mashini, yaani kompyuta, zilikuwa mbili. Juu ya paa kulikuwa na sahani nyeupe ya setilaiti, iliyoletwa kwa boti kutoka Uvira ikiwa imefungwa ndani ya godoro. Siku ilipowashwa, mkuu wetu wa kituo alikunja mikono kifuani akasema tangu leo Baraka na Ulaya ni majirani.

Mashini zile zilinipa heshima ambayo umri wangu haukuwahi kunipa. Sokoni, mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliniuliza kama ni kweli barua inaweza kuvuka ziwa bila kulowana. Nikamwambia haivuki ziwa, inapanda juu kwanza. Akaniongezea konzi ya ndagala kwa jibu hilo tu.

Jumamosi mchana mkuu aliruhusu mashini ya pili itumiwe na watu wa nje, "batu ba maana," alivyosema: mchungaji wa kanisa letu, prefe, mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, kapiteni wa jeshi, na wengine wachache. Mimi ndiye niliyewafungulia anwani na kuwafundisha kubonyeza. Siku ya kwanza niliwasomea kanuni ambazo fundi wetu wa Bukavu alinipa kwenye karatasi. Usimpe mtu neno lako la siri. Usifungue kiambatisho ambacho hukukingojea. Hii ya pili niliisoma mara mbili, kwa sauti ya mwalimu wa katekisimu, na kapiteni akaiandika kwa biki kwenye kiganja chake.

Kasoro ya kanuni ile sikuiona siku hiyo. Fizi nzima hakukuwa na mtu ambaye hakuwa anangojea kitu.

Mchungaji alingojea mabati. Kanisa lake lilikuwa limebaki kuta tupu. Paa liliondoka na watu waliopita na bunduki, na kila mvua iliponyesha mahubiri yalifupishwa. Kapiteni alingojea mazuti, dizeli ya gari lake, ambalo kuku walikuwa wamelifanya kiota. Muganga wa kituo cha Minembwe, kule juu kwenye malisho, alingojea friji ya kutunza chanjo, ile inayotumia mafuta ya taa. Yeye hakuwa na mashini. Barua zake zilikwenda Bukavu, kwenye ofisi yetu kuu, na majibu yake Bukavu waliyasoma kwenye redio ya masafa, saa tatu asubuhi, huku vituo vyote vinasikiliza.

Prefe aliningojea mimi.

Alikuwa amefiwa na mke, mtu wa miaka hamsini, koti lake limejaa vipande vya chaki mifukoni. Jumamosi moja aliketi kwenye mashini ya pili, akanipa mgongo, akaandika saa nzima kwa kidole kimoja. Kisha akasimama, akaniaga kwa adabu, akatoka. Dakika ile ile mashini yangu ikalia. Ilikuwa barua yake, ya kuniomba ndoa. Kutoka meza yake hadi yangu kulikuwa na hatua nne, lakini barua ilikuwa imepanda mbinguni, ikapita Ulaya, ikarudi. Niliisoma mara mbili nikaifunga. Mume wangu alikufa mwaka wa kwanza wa vita, na sikuwa na haraka. Jumamosi zilizofuata prefe alikuja, akasoma barua zake, akaniuliza habari za mvua. Hakuitaja ile barua. Na mimi sikuitaja.

Mimi pia nilikuwa na langu. Mama yangu alikuwa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, tangu tulipokimbia sote na mimi nikarudi peke yangu. Nilikuwa nimemwandikia mama aliyesimamia utumishi kule Bukavu kuomba konji, likizo ya majuma matatu, niende kumwona. Mwezi ukapita bila neno.

Basi Ijumaa moja asubuhi nikafungua mashini nikakuta barua, na jina la juu ni la yule mama wa utumishi. Kichwa chake, kwa Kifaransa: Jibu langu ni ndiyo. Ndani mstari mmoja tu, uliosema nifungue kiambatisho. Mashini ikanionya, kwa maandishi mekundu, kwamba faili hili linaweza kuleta hatari, je, nina uhakika? Nilikuwa na uhakika kuliko siku ya harusi yangu. Nikabonyeza.

Hakuna kilichofunguka. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza mara nne, kama mtu anayegonga mlango anaojua kuna watu ndani. Kisha nikaona taa za kile kisanduku cha setilaiti, ambazo siku zote zilipepesa polepole kama mzee anayesinzia kanisani, zinapepesa mbio bila kupumzika. Nikajiambia, leo rezo ya mtandao iko nzuri. Nikaenda uani kumwambia mpishi wetu kwamba naenda kumwona mama. Tukacheza kidogo, mimi na yeye, na mwiko wake mkononi.

Tukiwa tunacheza, kile nilichokifungua kilikuwa kazini. Kiliingia kwenye kitabu changu cha anwani, kikachukua majina yote, kikamwandikia kila mmoja barua ile ile, kichwa kile kile, Jibu langu ni ndiyo, na juu yake kikaweka jina langu. Na kwa kuwa nilibonyeza mara nne, kila mtu alipata ndiyo nne.

Kesho yake, Jumamosi, prefe alitangulia. Aliketi. Mimi nilikuwa naandika fishi, kadi za hesabu ya dawa. Nikasikia anabonyeza, mara moja, mara mbili, mara tano. Kiti kikalia. Akasimama, akafunga vifungo vyote vya koti, akanitazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Mama," akasema, "asante."

"Asante ya nini, prefe?"

"Sitasema mingi. Nitakuja na bakubwa."

Nikadhani analeta wazazi wa shule kwa habari ya chanjo. Nikamjibu karibuni, Jumatatu tuko wazi. Alitoka akasahau mwavuli wake.

Mchungaji alikuja akasoma, akainua mikono. "Bwana asifiwe, mama! Mi nilijua hautatutupa!" Akabonyeza, hakuona kitu, hakujali, akaondoka mbio. Kapiteni alisoma kwa midomo. Akatazama kiganja chake, kama mtu anayetafuta maandishi yaliyokwishaoshwa zamani, akabonyeza. Hivyo mashini ya pili nayo ikaingiliwa, na anwani zao wote zikaanza kutoa ndiyo. Baadaye nilisikia kwamba inspekta mmoja wa shule alipokea ndiyo ya prefe akafunga mizigo, kwa sababu yeye aliomba nyumba.

Jumapili kanisani mchungaji alikatisha matangazo katikati. "Mabati yamekubaliwa," akasema. "Mama sekretari, simama tukuone." Ukiitwa kanisani unasimama. Nikasimama. Korali ikaimba, bamama wakapiga vigelegele, na jua likatuchoma utosini kwa kuwa paa lenyewe halikuwapo. Nilijaribu kumwonyesha mchungaji kwa macho kwamba sielewi. Akadhani ni unyenyekevu.

Jumatatu saa mbili asubuhi uani mwa biro hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Kapiteni alikuwa amekuja na askari wanne na bidoni tupu za mafuta zilizofungwa pamoja kwa kamba. Mchungaji alikuja na maseremala wawili, mmoja anapima mabati ya biro yetu kwa macho ili aone kama ni ya aina ile. Karibu na mti wa mpera walisimama wazee watatu wa ukoo wa prefe, wamevaa koti, na mbuzi mweupe. Prefe alikuwa nyuma yao, anatazama viatu vyake.

Mkuu wetu akatoka mlangoni na kikombe cha chai.

"Mama sekretari, iko nini hapa?"

Nilifungua mdomo, lakini wengine walitangulia. Kapiteni akasema mazuti yamekubaliwa. Mchungaji akasema mabati yamekubaliwa. Mzee wa kwanza wa ukoo akakohoa akasema wao wamekuja kuitikia, kwa kuwa mutoto wao amekubaliwa. Mbuzi naye akalia.

"Amekubaliwa na nani?" mkuu akauliza.

Wazee wakanionyesha kwa kidevu. Hapo ndipo nilipoelewa ile asante ya Jumamosi, na mwavuli.

Mkuu akaniita ndani, akafunga mlango, akachukua simu ya setilaiti akampigia fundi wa Bukavu. Fundi alikuwa anapiga kelele hata mimi nilimsikia nikiwa nimesimama dirishani.

"Ni munyoo!" akasema. "Baraka nzima iko na munyoo! Nani alifungua?"

"Munyoo?" mkuu akasema. "Hiyo si shida. Dawa ya minyoo tuko nayo karto nzima kwenye depo."

Kisha fundi akaanza polepole, kama anavyosemeshwa mgonjwa. Akasema huu ni mnyoo wa mashini, programu ndogo ambayo mtu mbaya ameiandika. Yenyewe haina miguu. Haiwezi kufanya lolote mpaka mtu aifungue kwa mkono wake. Ikifunguliwa, inasoma kitabu cha anwani, inajituma kwa kila jina, na inatumia jina la mwenye mashini, ndiyo maana kila anayeipokea anaiamini: anaona imetoka kwa mtu anayemjua. Hapo naye anaifungua, na mambo yanaanza upya kwake.

"Zimeni sahani," akasema. "Msiguse kitu mpaka nifike. Na mwambieni kila mtu asifungue barua inayoitwa hivyo, hata ikitoka kwa mama yake mzazi."

Mkuu alikata simu akanigeukia. "Mama, ulifungua?"

"Nilifungua, mukubwa. Nilidhani ni konji yangu."

Alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akaanza kuniambia habari ya wajibu, na kanuni, na karatasi ya fundi iliyobandikwa ukutani. Mimi nilikuwa natazama mashini yangu kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni, na pale kwenye orodha ya barua zilizotumwa Ijumaa jioni, baada ya mimi kurudi nyumbani, nikaona kundi la pili. Mashini ile yeye ndiye aliyekuwa anaitumia jioni, kwa anwani yake.

"Mukubwa," nikasema, "na hizi?"

Aliinama akasoma. Alisoma muda mrefu kwa barua fupi namna ile.

"Mi sikufungua," akasema hatimaye. "Nilichungulia tu. Nilidhani Bukavu banakubali gari mpya."

Hakurudi tena kwenye habari ya wajibu.

Ikabaki kutoka nje. Mkuu alisema kwa kuwa jina ni langu, niseme mimi, yeye atasimama karibu. Nikasimama kwenye ngazi nikawaambia watu wote pamoja kwamba barua ile sikuiandika, kwamba mashini yangu imeingiliwa na mdudu anayeandika kwa jina la mtu, kwamba hakuna mabati, hakuna mazuti, na hakuna jambo lingine lolote lililokubaliwa. Nikawaomba msamaha. Nikawaambia nilifungua kitu ambacho mimi mwenyewe niliwakataza kufungua, kwa sababu nilikitaka sana.

Mchungaji alikaa kwenye ngazi kama aliyepigwa. "Sasa nitawaambia nini waumini? Waliimba!" Nikamwambia nitasimama tena Jumapili, niseme mwenyewe. Nilisimama kweli, na safari hii hakuna aliyepiga vigelegele, ila mama mmoja wa nyuma aliyesema kwa sauti, "Angalau huyu anasema ukweli," na watu wakacheka. Mabati yalikuja mwaka uliofuata, kutoka kwa watu wengine kabisa.

Kapiteni alikasirika kwa ajili ya bidoni. Alikuwa amekusanya bidoni za watu wa mtaa mzima. "Jeshi linadanganywa na munyoo?" akauliza, na askari wake mmoja akageuka upande asionekane anacheka.

Wazee wa ukoo ndio waliokuwa wagumu. Mmoja alisema kwao neno likitoka halirudi mdomoni. Nikamwambia, "Papa, hili halikutoka mdomoni mwangu." Wakanong'onezana. Prefe akapita katikati yao, akasimama chini ya ngazi, na kwa sauti ndogo akaniuliza, "Ile barua iko ya munyoo. Na ile yangu, uliisoma?"

"Niliisoma."

"Iko na jibu?"

"Bado."

"Bado si hapana," akasema, akachukua mwavuli wake pale mlangoni, akawageuza wazee na mbuzi wao. Nilimjibu miezi minne baadaye, barabarani, mbele ya duka la mikate, kwa mdomo. Aliniuliza kwa nini sikumwandikia, mimi mwenye mashini. Nikamwambia, ndiyo yangu ya mashini ungeiamini?

Nilidhani yamekwisha. Alhamisi, mchana, wanaume sita walifika langoni, warefu, wamechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walikuwa na miti miwili mirefu na kamba. Mkubwa wao alivua kofia.

"Mama, tumetoka Minembwe," akasema kwa Kiswahili cha kule juu, cha polepole. "Muganga ametutuma. Tumekuja kubeba friji."

Nikaelewa yaliyotokea. Bukavu, waliokuwa wametuuliza kama kuna friji ya Minembwe, walikuwa wamepokea ndiyo yangu Ijumaa ile ile, na mtu wa redio, mtu mwaminifu anayefanya kazi yake, aliisoma hewani saa tatu ya Jumamosi: Minembwe, Minembwe, jibu la Baraka ni ndiyo. Mnyoo ulifika mahali ambapo hapakuwa na mashini hata moja. Ulibebwa na mdomo. Na watu hawa walikuwa wametembea siku nne, kwa njia ambayo siku zile mtu wa juu hakuishuka bila kuaga nyumbani vizuri, kwa ajili ya neno ambalo hakuna aliyelisema.

Nikawapa maji. Mpishi akawapikia bukari, ugali wa kwetu, na samaki, wakasema samaki hawamjui sana, akawaletea maharage. Kisha nikaingia kwa mkuu nikamweleza. Hakunikemea. Alitazama dirishani, pale walipokuwa wameketi wamenyoosha miguu, akachukua simu akampigia daktari mkuu wa Bukavu.

Katika depo, ghala letu, kulikuwa na friji mbili. Vituo viwili vya kando ya ziwa vilikuwa vinagombea moja kwa miezi, na nyingine ilikuwa inangoja sahihi. Mkuu alieleza kila kitu, munyoo, redio, wanaume sita. Akasikiliza. Kisha akaweka simu chini.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema, tumeisha kusema ndiyo mbele ya redio yote. Leo akisema hapana, kesho nani atamusikia tena?" Akanipa ufunguo wa depo. "Leta muhuri."

Ilibaki njia. Mkuu alimwendea kapiteni kuomba askari wa kuwasindikiza mpaka mlimani. Kapiteni akauliza, kwa mazuti gani? Mkuu akamjibu friji yenyewe inakwenda kwa miguu, askari nao wana miguu. Wakatazamana. Kapiteni alikuwa mtu wa hasira za karibu lakini hakuwa mtu mbaya. Aliwatoa wanne wale wale waliobeba bidoni. Asubuhi ya Ijumaa tuliwaona wakipita sokoni, friji imefungwa kwenye miti kama mfalme, watu sita chini yake, askari mbele na nyuma, na bamama wa ndagala wakiuliza kuna nani ndani.

Fundi alifika kwa boti wiki iliyofuata. Alikaa siku mbili akisafisha mashini zote mbili kwa diski alizokuja nazo, jasho linamtoka. Mama wa utumishi alikuwa amempa aniletee ruhusa yangu ya konji, ya karatasi, yenye sahihi na wino, pamoja na swali: kwa nini nilimwandikia ndiyo mara nne, nilikuwa namkubalia nini?

Wakati wa kula tulimuuliza fundi nani alianzisha. Alisema hajui, huenda ni kijana fulani nchi za mbali ambaye hajawahi kusikia jina la Fizi. Alisema Bukavu watu tisa walifungua.

"Tisa!" mkuu akasema, akionekana amepata nafuu. "Na wewe fundi?"

Fundi alichukua tonge, akalizungusha kwenye mchuzi kwa makini.

"Tisa na mimi," akasema. "Niliomba kuongezewa mushahara."

Mkuu alicheka mpaka akakohoa. Kabla ya kuondoka, fundi aliifuta ile kanuni ya pili ukutani akaandika nyingine: kabla ya kufungua kiambatisho, muulize aliyetuma, kwa simu au kwa mdomo, hata kama unakingojea, hasa kama unakingojea. Mkuu aliishika kwa bidii yote. Siku ya tatu alipata barua ya mke wake kutoka Uvira, yenye picha ya mtoto wao mchanga. Akampigia kwa simu ya setilaiti kumuuliza kama kweli ni yeye aliyemtumia mtoto huyu, na kama ana uhakika. Tulimsikia mke wake mpaka uani, na mpishi akapunguza moto ili asipitwe na neno.